Kimulimuli Huwaka Ili Aone Njia

Mwalimu Nukta alistaafu miaka sita iliyopita, ila ualimu wenyewe ulikataa kumwachia. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana kila alipomaliza kueleza jambo alisema "nukta!", na ole wako uulize tena. Basi siku mjukuu wake aliporudi kutoka shule midomo imemwanguka, alilitaka daftari papo hapo.

"Bibi, nimekosa swali la kimulimuli. Na nimeandika vilevile ulivyonifundisha."

Nukta akavaa miwani. Kwa nini kimulimuli huwaka? Ili aone njia. Pembeni, kosa la wino mwekundu.

"Nani kasahihisha hii?"

"Mwalimu wetu, yule mrefu. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha."

"Ala! Nimemshikisha kalamu mimi, leo ananikosoa? Kesho ataniona!"

Sasa ukweli ni huu: jibu lile hakulisoma popote. Mwaka wake wa kwanza kazini, msichana wa miaka ishirini na mbili mbele ya watoto hamsini, mtoto mmoja aliuliza, naye akaona haya kusema hajui. Akabuni. Mwaka uliofuata akalirudia, na kufikia mwaka wa kumi alikuwa akiliamini kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Uongo nao, jamani, ukiulea unakua.

Jioni hiyo kulikuwa na joto. Akatoa kigoda nyuma ya nyumba, penye majani yasiyofyekwa, amwonyeshe mjukuu ushahidi. Giza lilipoingia kimulimuli akapita, akawaka, akazima, akawaka tena mbele zaidi.

"Bibi, mbona anazima na bado anaruka?"

"Anabana matumizi."

"Na mbona taa iko nyuma? Wewe ukienda chooni usiku, tochi unaifunga makalioni?"

"Wee mtoto, adabu!" Lakini kicheko kilimponyoka.

Mara chini kwenye majani kitu kikawaka mara moja. Wa juu akawaka. Wa chini akajibu. Wakaendelea hivyo kwa zamu, huyu kisha yule, mpaka wa juu akashuka akatua palepale.

"Kumbe alikuwa anamwita mwenzake," mjukuu akanong'ona.

Nukta akavua miwani, akaifuta. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Miaka thelathini na minne ya kulifundisha darasani! Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini mjukuu alikuwa anamtazama, akingoja kujua kama bibi yake ni mtu wa kuaminika au la.

Asubuhi wakaenda shule pamoja. Yule mwalimu mrefu alipomwona mlangoni aliruka kutoka kitini, mikono nyuma kama mtoto.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akawageukia watoto. "Jibu la mwalimu wenu ndilo sahihi. La kwangu nililibuni, kwa sababu niliogopa kusema sijui. Mjukuu wangu alikosa kwa sababu yangu."

Mjukuu akainua uso, akamtazama bibi yake kwa fahari, kisha akawatazama wenzake aone nani atathubutu kucheka.

Nukta akatoka, kifua chepesi, akidhani yamekwisha. Yule mwalimu akamfuata barazani.

"Mwalimu, unakumbuka kwamba swali hilohilo ulinisahihishia mimi?"

"Sikumbuki, mwanangu."

"Niliandika kwamba anamwita mwenzake. Nilikuwa nimewatazama wiki nzima. Ukanisimamisha mbele, darasa zima likanicheka." Akageuka kutazama uani. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba macho yangu yanaona uongo."

Nukta akamsogelea.

"Macho yako yalikuwa mazima," akasema. "Yalikuwa mazima kabisa. Nisamehe."

Yule mwalimu mrefu, baba wa watoto wanne, akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Huko darasani kelele zikaanza, zikapanda, na hakuna kati yao wawili aliyekwenda kuzinyamazisha.