Sanduku la Mzee Bado

Kazini walimwita Mzee Bado, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa mtunza stoo katika karakana ya kufunga nzi wa kuvulia, wale nzi wa bandia wanaotengenezwa kwa ndoano ndogo, uzi na manyoya, ili samaki adhani ni mdudu aliyeanguka majini. Wafungaji, karibu wote wanawake, walikaa kwenye meza mbili ndefu, kila mmoja na jiliwa lake dogo la kubana ndoano, na kila asubuhi walipita kwenye dirisha la stoo kuchukua mgawo wa siku. Mfungaji akiomba unyoya mzuri zaidi ya ule aliopewa, Mzee Bado aliuinua mwangani, akaukunja, akaupuliza, kisha akaurudisha kwenye bahasha na kusema bado. Bado nini, hakuna aliyejua. Nzi wenyewe walisafirishwa kwa watu wa mbali ambao, inasemekana, wakishamvua samaki humrudisha majini akaendelee na shughuli zake. Wafungaji walilicheka jambo hilo miaka nenda miaka rudi na hawakulichoka.

Lakini tusimwonee. Kuchagua alijua. Ukimwekea manyoya mia ya shingo ya jogoo, alikutolea yale saba yenye uti mwembamba usiokatika na vinyuzi vya pembeni vigumu vya kuweza kumwelesha nzi juu ya maji, na hakukosea. Uzi aliupima kwa kuupitisha kwenye mdomo wa chini, akakuambia kama umekaa juani dukani. Jambo moja tu hakuwahi kulifanya katika miaka yake yote pale: kufunga. Alisema vidole vyake vinene, na watu wakakubali, kwa sababu mkewe alikuwa anafunga kwa niaba ya ukoo mzima.

Huyo mkewe alikaa mwisho wa meza ya pili, karibu na dirisha, na hakuwa mfungaji wa kubahatisha. Alifunga ndoano ndogo kama punje ya mchele huku akipiga soga, bila kuangalia mikono yake, na wale wa meza ya kwanza wakishindwa na nzi mgumu walimpelekea yeye. Miaka ishirini na saba alifunga, na kila nzi aliyemfunga aliondoka. Nyumbani kwake hakukuwa na hata mmoja.

Kilichokuwepo nyumbani ni sanduku la bati, chini ya kitanda. Humo Mzee Bado alikuwa akikusanya vyake mwenyewe: mikia ya kulungu, manyoya ya bata ya ubavuni, vipande vya ngozi, nta, rili za uzi zilizobaki nusu, kila kitu kwenye bahasha yake na maandishi ya kalamu ya risasi. Juu ya vyote, ikiwa imefungwa kwa karatasi nyororo, ilikuwapo shingo ya jogoo aliyoachiwa na mfungaji mmoja aliyestaafu. Ilikuwa ngozi nzima ya shingo, ya kijivu yenye mistari myeupe na myeusi, manyoya yake yakianzia marefu kama kidole na kuishia madogo kama ukucha. Siku ilipoingia ndani ya nyumba, mkewe aliipitishia kidole kwenda na kurudi, akasema angependa sana kuitumia kufunga nzi. Mumewe akamwambia bado. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita, na mwanamke yule alikuwa na subira ya kupitiliza.

Kisha kidole gumba chake cha kulia kikaanza kutetemeka. Mwanzoni alisema ni baridi. Baadaye mkono mzima ukafuata, na hospitali wakamweleza kwa upole kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba dawa zitaupunguza kasi lakini hazitausimamisha. Nyapara wa karakana, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwondoa kwenye jiliwa akampa kazi ya kupanga nzi wa wenzake kwenye visanduku. Siku hiyo alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa mezani mbele ya mumewe.

Alimwambia kwamba anataka kufunga nzi kumi na wawili wake mwenyewe, kwa namna yake, wawekwe kwenye fremu ya kioo na kutundikwa sebuleni. Alikuwa amefikiria hadi mahali pa kupigilia msumari. Asubuhi nikishameza dawa, alisema, vidole vinatulia kama saa moja hivi.

"Nifungulie sanduku, baba," akamwambia. "Tuanze Jumamosi hii."

Mzee Bado alikwenda bafuni akafungulia maji ili asisikike akilia. Alimpenda mkewe, hilo lisiwe na ubishi. Alipotoka alikuwa amekata kauli kwamba nzi hao kumi na wawili watakuwa wazuri kuliko wote waliowahi kutoka mikononi mwa mtu, na palepale akaanza kufanya jambo pekee alilolijua, yaani kuchagua.

Manyoya yalikuwepo. Kilichomtatiza ni uzi. Uzi wa karakana ulikuwa wa nailoni, mnene, na hakutaka kuutia machoni. Alitaka hariri nyembamba, rangi ya majani makavu. Binti yao, fundi cherehani, akaleta rili nne, akaja na nyingine tano, na zote zikapata kasoro. Moja iling'aa mno. Moja ikipakwa nta ilikuwa nyeusi kama maji ya mtaro. Nyingine ilikuwa na vinyweleo. Uzi wa kila rili aliuzungusha kwenye ndoano tupu, akaitumbukiza ndani ya glasi ya maji na kungoja, kwa sababu uzi hubadilika rangi ukilowa, na rangi ya kulowa ndiyo anayoiona samaki.

"Samaki gani, baba?" binti akamuuliza siku moja. "Si watakaa ukutani hawa?"

Baba mtu akajitia hamnazo, akabadilisha maji ya glasi.

Jumamosi ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tano. Mkewe aliendelea kuamka mapema, akameza dawa, akakaa mbele ya jiliwa na ndoano tupu, akizungusha uzi wa kushonea na kuufumua, ili mkono usisahau. Ile saa moja ikawa dakika arobaini. Baadaye ikawa nusu saa, na ikitokea amelala vibaya haikufika hata hapo. Alipouliza, mumewe alimjibu bado kidogo, uzi tu, na alimjibu kwa upendo, na hapo ndipo pabaya, maana angemjibu kwa ukali pengine wangegombana na sanduku lingefunguliwa siku ileile.

Katikati ya pilikapilika hizo alifanya kosa. Kwa ajili ya miili ya nzi alitaka manyoya laini ya uso wa sungura, na mchuna ngozi mmoja akampa uso mzima, umekauka vizuri. Sasa, kila anayefanya kazi hii anajua kwamba kitu chochote chenye ngozi hakiingii stoo hivihivi. Kinafungwa kwenye mfuko, kinakaa kwenye friza wiki mbili, kinatolewa, kinarudishwa tena, ili mayai ya nondo yafe, kwa kuwa nondo wawili tu wanaweza kumaliza stoo nzima. Sheria hiyo Mzee Bado mwenyewe aliiandika kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni, na aliwahi kumfokea nyapara kwa kuivunja. Lakini friza ya nyumbani mkewe alikuwa akiifungua kila siku, na akiuona uso wa sungura pale atajua vifaa vimetimia, atauliza tena, naye atalazimika kusema bado tena. Ya karakana, watu wangetaka kujua ni wa nani. Basi akaunusa, akaukagua mwangani, hakuona kitu, akautia sandukuni juu ya vingine na kuzungusha utepe wa gundi. Alijiambia ni kwa siku chache.

Zikawa miezi mitatu. Hakulifungua hata mara moja, kwa sababu manyoya yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa, na yeye akili yake yote ilikuwa kwenye uzi.

Uzi ukapatikana siku ya Jumamosi, katika duka la vifaa vya kushonea ambalo mwenyewe alikuwa analifunga kabisa, ndani ya droo ya mwisho. Rili ya mbao, hariri, rangi ya majani makavu. Mzee Bado aliomba maji ya kunywa, mwenye duka akampa, naye akatumbukiza kipande cha uzi humo badala ya kunywa. Rangi ikatulia palepale. Alitembea kurudi nyumbani karibu kukimbia, mtu wa umri wake, na njiani akawa anatabasamu mwenyewe.

Mkewe alikuwa amechelewa kuamka na alikuwa ndiyo kwanza amemeza dawa. Alipoiona rili aliichukua, akavuta uzi kidogo, akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akaenda kunawa mikono na kuvuta kiti. Mumewe akaingia chumbani, akapiga magoti, akavuta sanduku, akabandua utepe.

Nondo mmoja, mdogo, rangi ya vumbi, akaruka kutoka humo bila haraka yoyote na kwenda kutua kwenye pazia.

Alifungua ile karatasi nyororo ingawa alikwisha kujua. Shingo ya jogoo ilikuwa imebaki ngozi na uti wa manyoya, uti mtupu, umesimama huku na huku, na chini yake unga kama wa mbao zilizoliwa na mchwa. Mabuu meupe yalikuwa yakitambaa ndani ya mikia ya kulungu. Aliyafungua manyoya ya bata, yakamwagika mapajani kwa vipande. Bahasha moja baada ya nyingine, maandishi yake ya kalamu ya risasi yakiwa safi kabisa kwa nje.

"Umeitoa?" mkewe akaita kutoka sebuleni.

Neno lilimjia ulimini lenyewe, maana lilikuwa limezoea njia. Angesema bado, angefunga sanduku, na mkewe angeendelea kumwona mtu mwenye mkono wa birika, jambo ambalo lilikuwa nafuu. Akalimeza. Akaichukua ile ngozi kwa mikono miwili, akaipeleka sebuleni na kuiweka mezani kando ya jiliwa, akaeleza yote, uso wa sungura, friza, siku chache. Hakujitetea. Mkewe alisikiliza akiitazama ngozi, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza ukigonga ubao taratibu, ukigonga tu, bila yeye kutaka.

Alipomaliza, mume akaanza kuahidi. Jumatatu atamwomba nyapara shingo nyingine, si nzuri kama ile lakini inakaribia, anajua iko bahasha gani. Mkewe alivuta jiliwa karibu. Alibana ndoano kwenye jiliwa, akaunyofoa unyoya mmoja uliokuwa umechomoza kwenye mto wa kiti, unyoya wa kuku tu, wa kujazia mito, na akaanza kuzungusha ile hariri. Mizunguko mitatu ilikaa. Wa nne kidole kikaruka, uzi ukateleza, vyote vikafumuka. Akaanza upya, vikafumuka kwenye wa pili. Mara ya tatu ndoano ilimchoma, akaitazama ile damu kidogo kana kwamba ni ya mtu mwingine, akauweka uzi chini.

"Miezi mitatu iliyopita ningeweza," alisema. "Hata kwa huu wa mto."

Mumewe akasema alitaka wawe bora, ndiyo maana.

"Mimi sikukuomba bora, baba. Nilikuomba nifunge nikiwa bado naweza."

Hakusema kwa hasira. Mzee Bado angetoa chochote aisikie hasira. Akavuta kiti kingine, akakaa mbele ya jiliwa, akamwomba amwelekeze. Yeye atakuwa mikono, mkewe awe macho na akili, wamalize wote kumi na wawili hata ikichukua mwaka. Alikwisha kuushika uzi kwa vile vidole vyake vinene, akiusubiri mzunguko wa kwanza kama mwanafunzi.

"Hao watakuwa wako," mkewe akamwambia. Akamgusa begani, akainuka, akasema amechoka, anaenda kujinyoosha kidogo.

Mzee Bado alikaa pale mpaka alasiri. Alipoingia chumbani kulitoa lile sanduku, mkewe alikuwa amelala chali, amelala fofofo, mikono ikiwa juu ya shuka. Usingizini haikuwa ikitetemeka hata kidogo. Ilikuwa imetulia kama zamani, kidole gumba kimegusa cha shahada, tayari kwa kazi yoyote, na yeye akasimama mlangoni akiitazama, hana cha kuipa.