Kiti cha Arubaini

Mie mtu akimsifia mtoto wangu, mwili hunisisimka kwa hofu. Kwetu Unguja mtoto mzuri humwiti mzuri. Unasema "kibaya changu hiki," na mwenzako, mwenye adabu zake, anakuitikia "la, hasha, mashallah, mzuri huyo." Wewe unashusha, yeye anapandisha, na jicho la hasidi linapita zake. Nililetwa Dubai nikiwa wa kubebwa, lakini adabu hiyo mama yangu aliifunga pamoja na mizigo.

Nimeivunja mara moja tu. Binti yangu Tufaha nilimsifu kwenye harusi ya jirani, ukumbi mzima wa wanawake unasikia, ati hakuna wa kumshinda kwa Kurani wala kwa hesabu. Mwaka haukwisha, homa ikamchukua. Akaniachia Asila, mtoto wa miaka mitatu. Toka siku hiyo mdomo wangu niliutia kufuli.

Basi Asila amekua akisikia "mzito wee," "kichwa maji wee." Akileta cheti cha kuwa wa kwanza darasani, namwambia, "Haya, weka hapo, kaoshe vyombo." Akishatoka ndiyo nakisoma, nalia, nakitia kwenye sanduku chini ya kitanda, chini ya kanga zangu. Vilifika saba.

Na shule nilikuwa naijua kuliko walimu. Nilikuwa farasha pale, mfagiaji na mpishi wa kahawa, mwaka wa kumi na tisa. Shule ya serikali ya wasichana, ndogo, Deira upande wa bahari, chumvi imekula nondo za madirisha yote. Zamani ilijaa mabinti wa wenyeji wa mtaa. Kisha wenyeji wakajengewa nyumba mpya huko jangwani, wengine wakapeleka watoto shule za Kiingereza, sisi wageni tukabaki: Wazanzibari, Wayemeni, Wajordani, Wamisri. Na mgeni alikuwa na masharti mawili. Kwanza, kila mwaka apate tisini au zaidi katika mia. Pili, wageni wote wasizidi moja ya tano ya shule. Matokeo ya shule yakitoka matamu, mudira, mwalimu mkuu wetu, ananiita nilete tende na kahawa. Nani aliyeyabeba matokeo hayo? Watoto wa wageni, wallahi, na kahawa wakanywa wengine.

Mwezi wa sita wa mwaka 2016 nimeingiza dele la kahawa ofisini, nikamsikia mudira anasema, "Wenyeji wamebaki mia na sitini." Hesabu nyepesi hiyo, hata mie niliyesoma chuo cha Kurani tu naiweza. Wenyeji mia na sitini, wageni arubaini, na sisi tulikuwa hamsini. Kumi watoke! Yaani mwenyeji akihama kwa hiari yake, mtoto wangu ndiye anayefukuzwa. Nilikasirika hata kahawa ikamwagikia sahani.

Viti vikagawanywa kwa madarasa. Thelathini na tisa vikapata wenyewe. Cha arubaini kikaangukia darasa la nane, na darasa la nane wageni walikuwa wawili, alama zao sawasawa: Asila, na Rahaf, binti wa Kijordani. Atakayekosa hana pa kwenda hapa mjini, maana shule za kulipia si za farasha. Ofisi ya elimu ikamleta Bwana Humoud akae na mudira, awaulize walezi na watoto wenyewe.

Mama yake Rahaf akatangulia. Mie ndiye niliyempelekea kahawa, nikasikia yote. Ati binti yangu nyota, binti yangu mhandisi wa kesho, binti yangu anamaliza vitabu vitatu kwa wiki. Bila hata mashallah moja! Nikamwonea huruma yule mtoto. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," nikajisemea. Nikaweka sinia jikoni, nikanawa mikono, nikarudi kama mlezi.

"Bi Khamisa," Bwana Humoud akaniuliza, "Asila ni mwanafunzi wa namna gani?"

"Nani, huyu? Kichwa kizito, bwana. Mvivu. Anabahatisha tu."

Akatazama karatasi, akanitazama mimi. "Lakini alama zake ni za juu sana."

"Mwalimu kamwonea huruma, hana mama."

Nikangoja aseme "la, hasha." Nikangoja anipandishie mtoto. Yeye akaandika. Mudira, anayenijua miaka yote hiyo, akainama kwangu. "Bi Khamisa, hapa sema kweli."

"Kweli ndiyo hiyo," nikasema. Ukaidi wangu huo, Mungu anisamehe.

Akaitwa Asila, akasimama mikono nyuma. Bwana Humoud akamuuliza kwa upole nani anastahili kiti.

"Rahaf," akasema. "Mimi nabahatisha tu."

Na mie, mjinga mie, nikafurahi moyoni! Nikasema alhamdulillah, mtoto ana adabu.

Alhamisi orodha ikabandikwa mlangoni. Prossy, mlinzi wetu wa getini, Mganda, ndiye aliyenisomea, maana miwani yangu niliiacha nyumbani. Akapitisha kidole juu mpaka chini, akarudia tena.

"Mama Khamisa, jina la mtoto haliko."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Namba arubaini ni Rahaf." Akanigeukia. "Kwani mule ndani ulisema nini?"

Nikamweleza. Prossy akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Mama, mimi nilipoomba kazi hii wakaniuliza kama najua kuogelea, nilisema nimefundisha samaki! Na sijawahi kuingia maji. Wewe mtoto anajua kweli, unasema hajui?"

"Hiyo ni heshima, Prossy. Kwetu kila mtu anaelewa."

"Kwenu wapi? Yule mzee wa ofisi ni wa kwenu?"

Nilikimbia nyumbani na miguu yangu hii mibovu, nikavuta sanduku, nikarudi na vyeti vyote saba nikavimwaga juu ya meza ya mudira. Wa kwanza, wa kwanza, wa kwanza. Akavishika kimoja kimoja, machozi yanamlenga.

"Khalas, Bi Khamisa. Orodha imeshakwenda. Kwa nini unavileta leo?"

Mdomo huponza kichwa, wamesema. Wangu umeponza kichwa cha mtoto.

Ikabaki Hatta. Huko milimani mwanangu Yaarub anaangalia boti za watalii kwenye bwawa, na shule ya huko wenyeji hawajaikimbia, kwa hiyo viti vya wageni vipo. Lakini ni mwendo wa zaidi ya saa nzima. Asila atakaa kwa mjomba wake, mie nitamwona kwa sikukuu. Mtoto niliyemlea kwa mikono yangu.

Mwisho wa likizo Yaarub akaja, akabaki chini garini kungoja jibu la shule ya Hatta. Asila akakunja nguo zake, anazitia katika sanduku lile lile. Simu ikalia. Mudira wa Hatta. Nikaiweka mezani kwa spika ili nisikie vizuri, sauti ikajaa chumba.

"Karatasi zake za shule ninazo," akasema. "Niambie wewe, bibi yake. Ni mwanafunzi wa namna gani?"

Nikamwona Tufaha wangu na nguo aliyovaa siku ile ya harusi. Nikaogopa, wallahi. Asila ameshika sketi ya shule, hanitazami, anangoja kusikia lile lile la siku zote.

"Wa kwanza," nikasema. "Tangu darasa la kwanza, hajashushwa na mtu. Mashallah, mashallah. Hujapata kuona akili kama ya mtoto huyu, nami sijapata."

"Basi mleteni Jumapili, inshallah."

Nilipokata simu, Asila alikuwa amekaa sakafuni, ameziba uso kwa ile sketi.

"Unalia nini? Si umepokelewa?"

"Bibi, mie nilidhani kweli."

"Kweli nini?"

"Kwamba ni mzito. Nilidhani vile vyeti unavificha kwa kuniona aibu. Kule ofisini sikusema kwa adabu, Bibi. Nilisema ninavyojua."

Yaarub akapiga honi chini. Nilitaka kumwambia yote ya miaka kumi kwa mara moja, sikuweza hata moja. Nikavitoa vyeti vyake kabatini nilikovihamishia, nikavipanga juu ya nguo, nikamfungia sanduku.