Mabegi Yote Yaende Stoo

Kama kuna mtu anayejua nini cha kubeba unapokwenda chuo kikuu, basi ni mimi. Sijisifu, nasema ukweli tu. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nasimamia bweni la wasichana, ghorofa tatu, vyumba sabini na viwili, na funguo zote zinaning'inia kiunoni mwangu. Ndiyo maana wasichana wananiita Mama Funguo. Nikiwaudhi wananiita na mengine, ila hayo hawanitamkii usoni.

Chuo kikifungwa, mimi ndiye ninayeingia chumba kwa chumba kuokota walichokiacha. Mwaka mmoja niliokota pasi kumi na moja. Kumi na moja, na zote zinawaka. Nimeokota sufuria ambazo bado zina karatasi ya dukani, saa za mezani, viatu vya visigino virefu vilivyovaliwa mara moja vikajutiwa. Sijawahi kuokota kufuli. Wala kandambili. Kwa hiyo mtu akiniuliza abebe nini aache nini, jibu ninalo, na hata asiponiuliza nampa.

Sasa mtu mwenye ujuzi wote huo, mtoto wake wa mwisho akipata nafasi chuo kikuu, unadhani atakaa kando atazame? Thubutu.

Huyo wa mwisho tunamwita Kitinda. Upimaji wa ardhi aliutaka tangu ana miaka kumi na miwili, siku walipokuja watu na vifaa vya miguu mitatu kupima barabara mbele ya nyumba yetu, akawafuata nyuma kutwa nzima bila kula. Mtihani wa hesabu aliufanya mara mbili ili aipate hiyo nafasi. Mwaka mzima alikaa ndani na vitabu wakati wenzake wameshatangulia, na barua ilipokuja ilisema wazi: akiacha masomo nafasi inakwenda kwa mwingine, hakuna kurudishiwa. Chuo ninachofanyia kazi mimi hakifundishi upimaji. Kinachofundisha kiko mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Nilimwambia nasikitika, akasema na yeye pia, lakini uso ulimsaliti. Nani anataka kusoma mahali ambapo mama yake ana ufunguo wa chumba chake?

Wiki moja kabla ya safari alipanga begi lake mwenyewe. Nikamsubiri aende kusuka, nikalifungua. Jamani. Mto wa kulalia. Pazia la chumbani kwake, lile la bluu lililopauka upande mmoja. Kikombe kikubwa chenye ufa. Ramani ya dunia imekunjwa hovyo. Shuka moja tu, kufuli hakuna. Nikavimwaga vyote kitandani, nikaanza upya.

Baba watoto alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ni fundi wa vioo, na kazi ya kukata vioo imemzoesha kutokuwa na haraka. Akasema, "Mama Kitinda, si umwachie mtoto apange begi lake?"

"Wewe umeokota pasi ngapi?" nikamuuliza.

Akaenda zake kunywa chai.

Kazi hiyo ilinichukua siku mbili, na hata leo nikiikumbuka naona sikukosea hata inchi. Nguo niliziviringisha badala ya kuzikunja, nzito chini, nyepesi juu. Shuka mbili na foronya zake. Kufuli mbili, funguo za akiba nimezifunga kwa uzi. Taulo, kandambili, sabuni, hanga sita. Vyeti na nakala zake ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki. Sindano, nyuzi za rangi nne, mkasi, vifungo. Kila kitu na mahali pake, na hakuna kilichobana kingine. Nilipomaliza nikamwita, nikamwonyesha mfuko kwa mfuko.

"Ukitoa kitu, kirudishe palepale," nikamwambia. "Usinivurugie."

"Sawa, mama."

Alilitazama pazia lake pale kitandani, akalikunja, akalirudisha kabatini. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimelifurahia mno begi langu.

Ngoja kwanza nieleze jambo moja la kazini, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini baadaye nilipatwa na baridi mchana kweupe. Bweni langu lina sheria ambayo haimo kwenye kitabu cha chuo. Niliitunga mwenyewe. Ijumaa ya pili baada ya chuo kufunguliwa, mabegi yote yaende stoo. Stoo iko chini, karibu na chumba cha kufulia. Msichana anatoa vitu, anapanga kabatini, analeta begi tupu, nalifunga karatasi yenye jina lake na kulipandisha kwenye rafu. Wananichukia kwa sheria hiyo. Wanasema nina roho ya askari. Atakayeng'ang'ana, napanda mwenyewe chumbani kwake, namwaga begi kitandani na kushuka nalo.

Sababu yake ni msichana mmoja wa mwaka wangu wa tatu kazini, tuliyemwita Twiga kwa urefu wake. Msichana wa watu, mpole, hana makuu. Aliishi ndani ya begi lake. Asubuhi anatoa blauzi, jioni anairudisha. Niliona, nikadhani ni usafi. Wiki ya sita, Jumatatu, akawa hayupo. Nilipoingia chumbani kwake kukagua sikuwa na cha kuokota, hata kibanio cha nywele. Ni kama hakuwahi kufika. Tangu hapo nikaanza kuangalia, na miaka kumi na sita si siku mbili. Mtu anayefikisha mwezi na nguo zake zimo begini, mara nyingi huyo anaondoka. Ukimuuliza anasema yuko sawa tu.

Basi Kitinda akaondoka. Tulimpandisha basi mimi na baba yake. Tukarudi nyumbani kwa daladala, kila mtu akijitia kutazama dirishani.

Akawa anapiga simu kila siku saa saba, muda wangu wa chakula. Nami kila saa saba nashuka stoo, nafunga mlango, nakaa juu ya begi la mtu kumngojea. Ananisimulia mhadhiri anayeongea na ubao, na mwenzake wa chumba anayeimba akioga. Naye ananiuliza baba amekula nini, kama jirani amemaliza ukuta wake, kama taa ya uani imebadilishwa. Nilijiona nina bahati. Mama wangapi wanapigiwa simu na watoto wao kila siku? Nikawa nawatambia wapishi wa kantini, wakanichoka.

Wiki ya tano, siku ya Jumanne, akaniambia kifungo cha sketi yake kimekatika.

"Sindano ipo," nikasema. "Na uzi mweusi upo."

"Najua. Mfuko wa zipu wa kushoto, chini ya soksi. Vyote viko vilevile, mama, hutaamini. Sijavuruga kitu."

Alisema kwa kujivuna kabisa, kama mtoto anayeonyesha daftari safi. Mimi mkono uliokuwa na kijiko ukabaki hewani.

"Hujavuruga kivipi? Nguo umeziweka wapi?"

"Kwenye begi."

"Na kabati?"

"Lipo."

"Lina nini?"

"Lina hanga."

Hapo ndipo nilipopatwa na ile baridi. Nilikuwa nimezungukwa na mabegi mia na zaidi ya watoto wa watu, yote matupu, yote yana karatasi ya jina, na la kwangu mimi liko mwendo wa siku nzima, limejaa, limefungwa zipu. Nikahesabu kwa vidole: wiki tano. Nikamwona na Twiga, aliyeondoka bila kuacha hata kibanio.

"Kitinda," nikasema, "unataka kurudi nyumbani?"

"Sijui." Kisha akasema polepole, na sauti yake ilikuwa ya baba yake mtupu. "Hesabu siziogopi, mama. Watu si wabaya. Ila kila asubuhi nikilifungua lile begi naona kama niko safarini, na mtu aliye safarini anawaza kushuka tu. Halafu humu ndani hakuna changu. Begi ni lako. Mimi nimelibeba tu."

Iliniuma, sifichi. Siku mbili za jasho langu, nyuzi za rangi nne. Majibu yalinijaa mdomoni, na wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kukosa jibu. Lakini yalipokuwa yanapanda nikaona kitu ambacho sikukiona siku zile mbili nikiviringisha nguo. Begi lile sikulipanga la kwenda kukaa. Nililipanga la kurudi. Nililipanga kwa namna ambayo asubuhi yoyote akiamka na kusema nimechoka, ni kuvuta zipu tu na kushika njia. Kila jioni amerudisha kila kitu palepale, kama nilivyomwagiza. Mtoto mtiifu. Na mimi, mkali wa Ijumaa ya pili, ndiye niliyemfanya aishi begini.

Mawazo mengine yalinijia, na si ya busara. Niliwaza kumpigia msimamizi wa bweni lao, mtu wa kazi na mtu wa kazi, nimwombe apande ghorofani amwage lile begi. Nikawaza kuchukua ruhusa na kupanda basi. Ningefika kesho yake, ningepanga kabati lile ndani ya nusu saa likapendeza, naye angesema sawa, mama. Nikayaacha.

"Basi vuruga," nikasema.

"Nini?"

"Fungua zipu, lishike kwa chini, lipindue. Kila kitu kitandani."

"Mama, ulipanga siku mbili."

"Najua nilipanga siku ngapi."

"Sasa vitu vyote hivi nikaviweke wapi?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Jibu nilikuwa nalo. Kabati za mabweni nazijua ndani nje: soksi droo ya juu, shuka rafu ya chini kabisa, vyeti usiweke karibu na dirisha. Nikaung'ata ulimi.

"Sijui," nikasema. "Chumba ni chako."

Akauliza, "Na nikishindwa huku?"

"Ukishindwa utakuja. Hata ukija na mfuko wa plastiki mkononi, mlango ni uleule na mimi ni yuleyule. Lakini begi hilo litoke chumbani leo. Nunua pazia unalolitaka wewe. Nunua kikombe. Kibovu kama unapenda vibovu."

Akacheka, cheko fupi la puani. Kisha nikasikia zipu. Nikasikia vitu vinaanguka, vingine kitandani, vingine sakafuni, na kitu kizito cha chuma kikagonga sakafu. Kila kishindo kilinipitia mwilini.

"Mama, kumbe ulinitilia vikata kucha viwili?"

"Kimoja cha akiba."

Nyuma yake nikasikia sauti ya msichana mwingine, bila shaka yule mwimbaji wa bafuni, anauliza kama wanahama. Kitinda akamjibu kitu ambacho sikukisikia, wakacheka wote wawili. Nikasikia hanga zinagongana kabatini. Wakaanza kubishana nani achukue rafu ya juu, na mimi nimekaa juu ya begi la watu, simu sikioni, hakuna anayenisemesha.

"Mama, nitakupigia," akasema, akakata.

Kesho yake saa saba nilishuka stoo na sahani yangu. Simu haikulia. Nikajiambia ana kipindi. Keshokutwa yake nikashuka tena. Nikaangalia kama simu ina chaji, nikaangalia kama sauti nimeizima kwa bahati mbaya, nikampigia baba watoto kuhakikisha kama simu inatoka.

"Inatoka," akasema. "Mpigie mtoto basi."

"Simpigii."

"Umegombana naye?"

"Sijagombana na mtu."

Siku ya tatu saa saba ilipita, saa nane ikapita. Jioni tulikaa mezani, watu wawili kwenye meza ya watu sita. Baba watoto akapakua chakula chake, akapakua na changu, kwa sababu nilikuwa naiangalia simu tu.

"Amefika," nikasema.

"Nani?"

"Kitinda. Amefika chuo."

Akaweka mwiko chini. "Mama Kitinda, huyo mtoto tulimpandisha basi sisi wenyewe, wiki tano zilizopita. Alipiga simu usiku uleule akasema amefika."

"Hapana," nikasema. "Amefika Jumanne."

Alinitazama, na nadhani alielewa. Nikalia kidogo mbele ya sahani yangu, kwa furaha na kwa lile jingine pia. Akasogeza kiti chake karibu na changu, tukala.