Safu Tatu za Kushoto

Asikwambie mtu, kufungwa kunauma. Ukifungwa mara moja unacheka, unasema leo sikuamka vizuri. Ukifungwa mara ishirini na moja mfululizo, tena na mtu uliyemfundisha mwenyewe kushika kete, hata tonge halishuki.

Ndivyo ilivyomkuta mwalimu Festo wa Itetemia. Miaka thelathini alifundisha hesabu, na jioni alicheza sataranji barazani kwake na Silasi, mrina asali. Silasi alikuwa mtu wa kufungwa. Alifungwa akiwa kijana, akafungwa akiwa na wajukuu, na kila mara alijikung'uta suruali akasema, "Mwalimu, kesho." Halafu mwezi wa nne kiharusi kikamwangusha Festo njiani akitoka kanisani. Mkono wa kushoto ukafa, mguu ukawa wa kuburutwa. Kauli ilirudi, ashukuriwe Mungu, na kila aliyekuja kumpa pole alisema afadhali, akili imebaki.

Imebaki? Festo hakuwa na uhakika, na hofu hiyo ilimzidi mkono na mguu. Alipoweza kuketi tena barazani, mwishoni mwa mwezi wa nane, Silasi alikuja kila Jumatano na Jumapili, wakapanga kete, na kila mara mfalme wa Festo alifungwa kabla chai haijapoa. Wala hakuona kifo kilikotokea. Ngome ya Silasi ilimwangukia tu, kama imetoka darini. Akajiapiza kimoyomoyo: nisipomfunga Silasi kabla ya Krismasi, nitajua kichwa kimekwenda. Na mtu asiye na kichwa hakai barazani kupokea shikamoo za watu. Ataingia chumbani, abaki humo.

Na mkewe Flavia, Mama Koleta, je? Hapo ndipo palipomuuma zaidi. Zamani mchezo ukianza Flavia alileta kigoda, akakaa nao akimenya karanga. Sasa alimwona akija na sahani, akiiweka, kisha hayupo. Hata chakula alikuwa amekipunguza, ugali nusu sahani. Festo hakuuliza. Mwalimu mzima ataulizaje kwa nini ananyimwa ugali? Akanuna, tena kwa ukimya, na kununa kwa ukimya ndiko kubaya kuliko kote.

Mchezo wa ishirini na mbili akashinda. Farasi wake alimkuta malkia wa Silasi amesimama wazi, hana mlinzi, akamla, na hatua tano baadaye mchezo ukaisha. Silasi akapiga makofi, akasema Mwalimu amerudi.

Festo akamtazama. Silasi huyu hakuwahi kumwacha malkia wake namna ile hata siku aliyocheza na malaria mwilini.

"Umeniachia."

"Mwalimu, nimekuja kumwona mgonjwa. Mgonjwa hapigwi."

"Mimi si maiti wa kupambwa, Silasi." Akaufagia ubao kwa mkono wake mzima, kete zikaviringika hadi uani. "Ukinihurumia tena usirudi hapa. Nifunge, lakini nifunge kweli."

Silasi aliziokota kete moja moja, uso chini. Alipomaliza hakuzipanga. Akasema kwa sauti ya mtu anayeungama, "Basi nikwambie ukweli. Mimi sijawa hodari. Nakuua kwa mlango mmoja tu, kona yako ya kushoto. Jumapili naingia hapo na ngome, Jumatano naingia hapo hapo, na wewe hujawahi kuufunga."

"Kona gani?"

"Hii, Mwalimu. Hesabu safu."

Festo alitazama. Aliuona ubao, na ubao ulikuwa mzima. Hata hivyo akahesabu, kuanzia kulia. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ukaisha. Akarudia polepole, kama alivyokuwa akiwaambia wanafunzi warudie. Tano. Na ubao wa sataranji una safu nane, hilo alilijua kama jina lake.

Silasi akaushika mkono wake wa kulia, akausogeza taratibu. Kidole kilipita pale ubao ulipoishia, na ubao ukaendelea. Sita. Saba. Nane. Festo aliogopa kuliko siku ile ya kuanguka, maana siku ile alijua kwamba ameanguka.

Siku ya kliniki daktari alimweleza kwamba macho ni mazima, ubongo ndio ulioacha kuujali upande wa kushoto, na hata sauti za huko huzipuuza mara nyingi. Ageuze shingo, ajizoeze. Nyumbani akaizungusha sahani, akakuta nusu ya ugali inamngoja. Aibu iliyomshika aliimeza pamoja na tonge, hata mkewe hakumwambia. Lakini sahani ni sahani, na mke kukukimbia ni jambo jingine. Akaendelea kununa, japo kwa kiasi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kabla ya kila hatua Festo alipeleka kidole hadi kona ya kushoto, akaigusa, kisha akarudi akihesabu kutoka nane mpaka moja. Asubuhi alicheza peke yake, pande zote mbili. Mchezo uliokuwa wa nusu saa ukawa wa alasiri nzima, na Silasi, mtu wa nyuki, alijua kusubiri. Festo alifungwa bado. Lakini sasa alikiona kifo kikija. Siku aliyoziba kushoto akauawa katikati, alifurahi kama mtu aliyepandishwa darasa.

Jumapili ya tatu ya Majilio, Krismasi ikikaribia, walicheza mchezo wa thelathini na tatu. Silasi, kwa mazoea, akashusha ngome yake kona ile. Kidole cha Festo kikaikuta, na farasi akaila. Silasi alifikiri, akajikuna kichwa, akahangaika na mfalme wake huku na huku, mwishowe akamlaza ubavu kukiri amefungwa. Festo aliitafuta huruma usoni pake, akaikosa. Silasi alikuwa amekasirika, tena kikweli.

Basi akili ipo. Festo akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mama Koleta, njoo uone."

"Nimeona," ikajibu sauti, karibu kabisa na bega lake.

Akageuza shingo. Akaipita safu ya nane, akaupita ukingo wa ubao alipozoea kuishia, akaendelea mpaka mishipa ikauma. Flavia alikuwa ameketi hapo. Ule mkono uliokufa ulikuwa mapajani mwake, ameushika kwa mikono miwili.

"Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu mchezo wa kwanza, Baba Koleta. Nikikusemesha hunijibu. Nikadhani umenichukia kwa kuwa nilikuona ukianguka. Nikasema basi, nitaushika mkono huu, wenyewe haujanikataa."

Festo alilia mbele ya Silasi bila kujificha, na Silasi akajitia kupanga kete. Alipoweza kusema, alimwomba mkewe ahamie kulia, awe anamwona.

"Sihami," Flavia alisema. "Nikiondoka, upande huu hauna mtu."

Festo akausukuma ubao kando.

"Basi mimi ndiye nitakayegeuka," alisema, akageuka tena.