Chokaa ya Mstari wa Goli

Timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa na kubebwa mikononi, iliishi msimu mmoja tu, vuli ya mwaka 1921, na vijana wa mji wetu wa Lindow leo hawaamini kwamba iliwahi kuwapo. Ilikuwapo. Nilicheza mstari wa mbele, upande wa kushoto, na sikutolewa uwanjani hata mara moja, tukishambulia au tukizuia. Siku hizo mchezaji alifanya kazi zote mbili.

Sote tulikuwa watu wa matanuri ya chokaa. Kampuni ilitupa sweta za kijivu na uwanja nyuma ya machimbo, tukaingia kwenye mpira wa kulipwa wa Ohio tukijiona wanaume kweli. Kufikia mwisho wa Novemba tulikuwa tumeshinda mechi moja, tena dhidi ya watu waliofika wamelewa. Wawili walikuwa wamevunjika miguu, mmoja mtulinga, na kocha alikwenda Indiana kumzika dada yake asirudi tena.

Tulichobaki nacho ni Tice Voelker. Mpira wa wakati ule ulikuwa mnene kama tikiti, lakini yeye aliurusha nusu ya uwanja ukamfikia mtu kifuani. Kazini alikuwa mtoaji wa chokaa kwenye mdomo wa tanuri, mahali alipofanyia kazi baba yake mpaka mapafu yakamwisha. Tice naye alishaanza kikohozi kilekile. Basi timu moja kubwa ya kaskazini ikatuma neno kwamba mtu wao, Bwana Lathrop, angekuja kumtazama kwenye mechi ya mwisho, dhidi ya Waverton. Akimpenda, Tice angeondoka matanurini. Mji mzima ulijua hilo, na mama yake alikuwa amekwisha kumfulia mashati ya safari.

"Mbona unanitazama kama maiti?" Tice aliniuliza siku ya mechi tulipokuwa tunavaa katika banda la mikokoteni.

"Natazama viatu. Ukienda navyo huko utatuaibisha."

"Huko nitanunua vipya. Hivi nakuachia wewe, uvae kanisani."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akatema mate, akayafuta kwa soli ili mzee Ruhl asiyaone.

Ruhl alikuwa msimamizi wa matanuri, na kwenye timu ndiye aliyetufunga bendeji. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na mistari ya uwanja ikasombwa yote. Kwa kawaida tulichora kwa chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, ambayo haina makali. Asubuhi ile Ruhl alileta toroli la chokaa iliyotoka tanurini, akaimwaga mbichi, kwa kuwa hiyo hushika kwenye tope na kung'aa. Hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Lindow chokaa tuliitia kila mahali, kuanzia ukutani hadi chooni, na tuliona fahari kwamba mistari yetu ilionekana kutoka barabarani.

Nahodha wa Waverton aliinama akaigusa, akanusa vidole.

"Mzee, hii imezimwa kweli?"

"Kijana, nilikuwa nachoma chokaa kabla baba yako hajaota ndevu," Ruhl akamjibu. "Wewe cheza mpira."

"Tutacheza. Nyie mnanuka kama ukuta mpya."

"Na nyie mtalala chini ya huo ukuta," akasema Tice, na hata wao wakacheka.

Alicheza vizuri kuliko siku zote. Pasi yake ya kwanza ilipita juu ya watu wote ikaangukia mikononi mwa mwenzetu kana kwamba imewekwa. Bwana Lathrop alisimama chini ya mwavuli pembeni, koti refu, na nilimwona akikubali kwa kichwa polepole kama mnunuzi wa farasi aliyekwisha kuamua.

Katika robo ya tatu tulifika karibu na goli lao. Tice akaushika mpira mwenyewe, akaingia katikati, mimi nikisukuma mbele yake. Aliuvusha mstari wa goli. Kisha watu wakamwangukia, rundo zima, uso wake ukazama kwenye ule mstari mweupe, na maji ya tope yakaiwasha ile chokaa mbichi. Alipoinuka alikuwa amefumba macho na mikono imekaa mbele, wazi.

"Imeingia," alisema kwa sauti ya kawaida. "Yote mawili."

Ruhl alikuja mbio na chupa ya mafuta ya zeituni. Nahodha wa Waverton naye akaja na ndoo yao ya maji.

"Mwinamishe, nimwagie."

Ruhl aliipiga teke ile ndoo. "Maji juu ya chokaa? Unataka kumpika? Hata mtoto wa hapa anajua, chokaa ikiingia jichoni ni mafuta."

"Anaungua, mzee."

"Ataungua zaidi. Tice, mwambie."

"Mafuta," akasema Tice. "Niondoleeni huyo na maji yake."

Akapakwa mafuta, akapanguswa kwa kitambaa. Nahodha wetu alitaka kumtoa. Lakini sheria ya wakati ule ilikuwa kwamba ukitoka huruhusiwi kurudi mpaka robo inayofuata, na Bwana Lathrop alikuwa palepale na mwavuli wake.

"Naona kidogo," Tice alisema. "Nisimamisheni tu mahali pangu."

Alisimama hapo mpaka robo ikaisha, nami nikimwambia kwa sauti ya chini mpira uko wapi. Mvua ilikuwa inanyesha muda wote huo. Tulifungwa mwishoni. Lathrop alikuwa ameshaondoka robo ya tatu ilipoisha, kuwahi hoteli, ameridhika.

Daktari alifika nyumbani kwa Tice asubuhi. Alifungua bendeji ya macho, akauliza kwa nini hatukumwosha. Maji mengi, alisema, ndoo baada ya ndoo, hata maji ya mtaro. Yangeiondoa chokaa kabla haijayala macho. Mafuta yaliishikiza tu mahali pake. Miaka baadaye, katika masomo ya jioni, nilijifunza kemia yake, na kila neno la daktari lilikuwa sahihi. Ruhl alimsikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akasimama uani na kofia mkononi. Hakuingia tena.

Bwana Lathrop alibisha hodi kabla ya saa sita mchana. Alikuwa hajaambiwa kitu. Aliingia jikoni akitabasamu, mkono ameshaunyoosha, akaona bendeji, na mkono ukabaki hewani, kwa maana Tice hakuuona.

"Karibu uketi, bwana," Tice alisema, uso ameuelekeza mlangoni. "Mama, mpe kahawa. Ile pasi ya kwanza uliipenda?"

"Niliipenda sana."

"Ilifika vipi? Niliangushwa kabla sijaona."

Lathrop alinitazama mimi. Kisha akavuta kiti, akaketi, akamsimulia mchezo wote, pasi kwa pasi, kwa sauti ya taratibu, hadi pale kwenye mstari wa goli.

"Nilivuka?"

"Ulivuka, kijana."

Juma lile kampuni ilikusanya sweta, na timu ikawa imekwisha. Machi Tice alirudi kazini. Mama yake alimfikisha mlangoni kila asubuhi akimshika mkono, naye akaketi kwenye vumbi la ghala kushona midomo ya magunia ya chokaa, kazi ambayo vidole vinaiweza peke yavyo.