Tofu Vipande Viwili

Mimi ndiye mshairi bora wa Tsuruoka. Basi, wa mtaa wetu. Haya, wa chama chetu, nacho kina wanawake watano, na mmoja wao, Bi Yasue, hasikii vizuri.

Msimu ule wa theluji alitujia Chinatsu, binti anayetafsiri kwa Kiingereza mashairi ya wanawake wa siku hizi. Kitabu chake kilikuwa kimebakiza ukurasa mmoja, akasema ni wetu, tuchague wenyewe shairi. Niliutaka ukurasa ule mpaka fizi zikaniwasha. Mjukuu wangu Risa amezaliwa Kanada, Kijapani hasomi hata jina langu. Nilitaka asome kitu kimoja cha bibi yake ningali hai.

Sasa, kwetu mwenye shairi hatajwi mpaka kura zihesabiwe. Ukilitetea lako, umejianika. Na kulipigia kura la kwako mwenyewe, afadhali uingie ukumbini na viatu, aibu yake ni ndogo.

Chinatsu aliyanakili yote matano kwa mwandiko wake, akatusomea kwa Kijapani, kisha kwa Kiingereza. Kwenye Kiingereza tulifumba macho na kutikisa vichwa kama watu wanaoelewa. Likafika langu:

Mume kaburini,
mwaka wa tatu sasa;
leo asubuhi
tofu nimekata vipande viwili,
na nyumba iko kimya.

"Huyu mama ana majonzi," Chinatsu akasema. "Kwa Kiingereza nimeweka kwamba machozi yanadondokea bakulini."

"Maskini!" wakaitikia wote.

Machozi gani? Vipande vyote viwili vya ile tofu ya soya nilivila mimi! Miaka arobaini na sita yule bwana alikuwa akichukua kile kikubwa. Na Risa sasa adhani bibi yake hulia juu ya chakula? Nikauma ulimi. Ulimi ukakataa kuumwa.

"Mimi naona huyo mama ni mlafi tu," nikasema, nikimimina chai.

Mwalimu Fusako, aliyestaafu ukuu wa shule miaka ishirini iliyopita ila hajaarifiwa, akanikazia macho. "Umejuaje, Bi Kinue?"

"Nakisia tu, Mwalimu. Mtu mwenye majonzi atapata wapi nguvu ya kukata vipande viwili?"

"Anasemaje?" Bi Yasue akauliza.

"Anasema mjane amekula vyote!" Mwalimu akampigia kelele sikioni.

Bi Yasue alicheka mpaka akashika mbavu. "Hata mimi! Hata mimi, wiki ileile ya mazishi!"

Chinatsu akacheka naye, akafuta machozi ya bakulini kwa kalamu nyekundu, akaandika upya. Sikuelewa neno, lakini aliposoma alikuwa anatabasamu.

Tukapiga kura sisi watano, kila mtu karatasi moja. Chinatsu akazihesabu, akasema la tofu limeshinda, mwenyewe ajitaje. Nikainua mkono taratibu, kama ninayelazimishwa.

"Nilijua!" Mwalimu akasema. "Hata hivyo nimekupigia, mtani wangu. Na wewe, kura yako umempa nani?"

"Wewe, Mwalimu," nikajibu, nikainamisha kichwa kwa heshima. "Shairi lako la mti wa plamu limenigusa hapa, moyoni."

Chinatsu akazipanga tena karatasi mezani, moja moja, akakunja uso.

"Lakini Bi Kinue," akasema, "la tofu lina kura tano."