Robo ya Zhor

Kwa Ijumaa tatu mfululizo, Zhor alimwona kaka yake Tayeb akikatiza vichochoro vya Fes na boksi la vileja vya lozi, anaelekea kwa Ghita, mdogo wao. Kwake Zhor, aliyebaki bila mume katika chumba cha juu cha nyumba ya marehemu baba, hakuletewa hata mkate wa jana. Roho ilimuuma kwelikweli. Ghita kapata mume, kapata watoto, na sasa kapata vileja!

Sababu aliijua. Tajiri mmoja wa Casablanca alitaka kuipanga nyumba ya baba kwa miaka tisa aigeuze ya wageni, na sheria ilidai ridhaa ya wenye robo tatu ya urithi. Tayeb alikuwa na nusu, dada zake robo robo. Ilimtosha saini ya dada mmoja, na kipenzi chake alishamchagua.

"Safari hii hanipiku," Zhor akajiapiza. Jumatatu akampigia Tayeb simu. "Kwani mimi si binti wa baba? Waite waandishi wa hati, natia saini leo!"

Kabla ya adhuhuri walishafika, wawili kama ilivyo ada, maana hati ya mmoja haina nguvu.

"Bibi, lazima usikie kila sharti kabla hujaridhia," alisema yule mwenye miwani.

"Nimeridhia, baba. Kalamu iko wapi?"

Mzee huyo akasoma hata hivyo, kwa Kiarabu cha vitabuni. Tayeb alikodolea macho vigae vya sakafu. Zhor hakusikia hata neno. Alikuwa akiuona uso wa Ghita ukisinyaa. Akatia saini.

Alasiri akaenda kwa Ghita, kifua mbele. "Vileja ndiyo basi, mdogo wangu. Nimeshatia saini mimi."

Ghita akaweka birika chini. "Umetia saini? Dada! Wiki tatu namkatalia! Tajiri anaitaka nyumba yote, tupu, mpaka chumba chako. Nikamwambia Tayeb, vileja vyako kula mwenyewe, kwanza niambie dada yangu atalala wapi."



Ghita hakumlaumu zaidi. Aliwaita wanawe, akaanza kuhamisha magodoro yao ili dada yake apate chumba cha nyuma. Zhor alimtazama akitandika shuka safi, na badala ya shukrani, wivu ukampanda upya, mkali kuliko ule wa vileja: hata huruma, aliyejaliwa ni Ghita.